Klachi ya pikipiki ya vigango



Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati, alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikuwa amefariki kwa ugonjwa katika nchi ambayo leo ni Namibia, mbali na hospitali. Sisi waseminari tunaoshughulikia karakana tunaikumbuka habari hiyo kila pikipiki ya vigango inapolala. Mgonjwa anayesubiri Mpako Mtakatifu mlimani hajui habari za vipuri. Anajua tu kama padre amefika au hajafika.

Kwa njia zetu za milima na tope, klachi huchoka mapema. Dalili yake ni injini kunguruma huku mwendo hauongezeki, hasa ukipanda mlima na abiria. Hata hivyo hatukimbilii kufungua. Kwanza tunaangalia waya: mkono wa klachi unapaswa kucheza kidogo, milimita 10 hadi 20 kwa pikipiki nyingi, kabla haujaanza kuvuta. Waya ukikaza mno, pleti hazibanani sawasawa. Pili tunaangalia oili. Klachi ya pikipiki kama yetu inaogelea katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo huifanya iteleze. Kwenye kopo tunatafuta maandishi JASO MA.

Hayo yakishindikana, Jumamosi ya kazi za mikono tunafungua. Injini ikiwa imepoa tunamwaga oili, tunalegeza waya, tunatoa kiki, kisha bolti za kifuniko cha kulia. Bolti hizo hazilingani urefu, kwa hiyo tunachora umbo la kifuniko kwenye boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Ndani tunakuta springi nne. Bolti zake tunazilegeza kwa msalaba, kidogo kidogo, ili sahani isipinde.

Baada ya hapo tunakutana na nati yenye mikato minne, isiyokubali spana ya kawaida. Wapo wanaoigonga kwa patasi na nyundo. Sisi hatufanyi hivyo, kwa sababu nati huharibika na vipande vya chuma vinaweza kubaki ndani ya injini. Hapo tunamwita fundi wa kijijini, mwenye soketi yake.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza swali zito: tukijifunza kufungua wenyewe, hatumnyang'anyi fundi huyu riziki yake? Tulilijadili, na jibu letu ni hili. Analipwa kwa kazi yake na kwa kutufundisha. Hatukujifunza ili tumkwepe. Tulijifunza kwa sababu siku nyingine yuko shambani au msibani, na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri. Kuna kazi tunayoiweza na kuna ya kwake. Mseminari anayeujua mpaka huo karakanani atamheshimu pia katekista na mganga wa zahanati atakapotumwa parokiani.

Nati ikitoka, pleti zinatoka kwa zamu, moja ya msuguano, moja ya chuma, nasi tunazipanga kwa mpangilio uleule juu ya kitambaa. Za msuguano tunazipima unene na kulinganisha na kitabu cha pikipiki. Za chuma tunazilaza juu ya kioo: iliyopinda haikai sawa, na yenye rangi ya bluu imeungua. Springi tunazipima urefu. Moja ikiwa imefupika kupita kiwango, tunabadilisha zote nne. Pleti mpya za msuguano tunaziloweka katika oili safi kabla ya kuzifunga, maana zikianza kazi zikiwa kavu zinaweza kuungua.

Kufunga ni kurudi kwa njia ileile: fundi anakaza nati yake, sisi tunakaza springi kwa msalaba, tunaweka gaskiti mpya, tunajaza oili na kurekebisha waya. Kisha tunamweleza kila mwendeshaji jambo moja. Kuendesha huku umeshika klachi nusu, au kuishikilia pikipiki mlimani kwa klachi badala ya breki, kunazila pleti hizo haraka kuliko kilomita zenyewe.

Mwisho wawili wetu wanaijaribu kwenye mlima ulio nyuma ya seminari. Ikipanda bila kuteleza, ufunguo unarudi kwa Padre. Huenda akaitwa usiku huohuo.