Bute: Chumba cha Ardhini Kinachongojea Maji

Mwenye nyumba wa mjini aliye na chumba cha chini ya ardhi huomba maji yasiingie. Ukitoka Wajir, mji wa visima vifupi, ukashika njia ya vumbi kaskazini hadi Bute, karibu na mpaka wa Ethiopia, utakuta dua nyingine: maji yaingie, na yakiingia yasitoke.

Chumba hicho Wasomali hukiita berkad, neno lililo ndugu wa birika letu, kwani yote mawili yametoka Kiarabu. Ni shimo lililojengwa kwa mawe na kupigwa plasta ya saruji. Mvua inyeshapo, mtaro huleta maji ya mteremkoni, na kishimo kidogo mlangoni hunasa mchanga. Paa huyakinga maji na jua. Uzio huwakinga watoto na mifugo.

Adui mkubwa ni ufa. Plasta ikikauka kabisa wakati wa kiangazi hupasuka, na mvua inayofuata huishia udongoni. Hapo familia hungojea lori la maji, au huswaga ngamia kwenda mbali. Kwa hiyo mwenye busara huacha maji kidogo chini, na huziba nyufa mapema.

Mvua ikizidi nayo ni hatari, kama ilivyokuwa kaskazini mashariki mwaka 1997 na 2023. Lazima pawe na njia ya kutolea ziada, la sivyo ukuta hubomoka.

Basi msomaji, hata kwako Nairobi, yapangie maji njia kabla mawingu hayajatanda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.