Zawadi ya Maji ya Moto

Kwetu ni Moa, kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Watu wa mbali hudhani kwamba pwani haina baridi. Lakini aliyelala Moa mwezi wa Julai, Kusi ikivuma, ajua jinsi maji ya kisima yanavyomtetemesha mzee alfajiri.

Mama yetu ni mtu mzima, na miguu yamuuma. Kwa miaka mingi alikuwa akiamka kabla ya adhana, akawasha kuni, akapasha maji ya kutawadha. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi mjini Tanga tuliona huruma, tukamnunulia chombo cha umeme cha kuchemshia maji, kile cha chuma kilichopindwa kinachotumbukizwa ndooni, ambacho watu hukiita hita. Tulichagua cha bei rahisi, tukampa mtu aliyekuwa akisafiri, tukaona kwamba tumekwisha kutimiza haki ya mzazi.

Hatukueleza jinsi ya kukitumia. Hilo ndilo kosa letu la kwanza. La pili, plagi yake ilikuwa ya miguu miwili tu, haina njia ya kupeleka umeme ardhini ukivuja. La tatu hatukulijua mpaka baadaye: maji ya visima vingi vya pwani yetu yana chokaa, kwa kuwa hupita katika mawe ya matumbawe. Maji hayo yakichemshwa, chokaa hugandama juu ya chuma na kufanya gamba jeupe. Gamba hilo huzuia joto lisiingie majini. Chuma hupata moto kupita kiasi, mwisho hupasuka, na umeme uliomo ndani yake hupita katika maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri moja mjukuu wa mama, msichana wa miaka 12, alitia kidole ndooni apime kama maji yamepata moto, na hita ingali katika umeme. Ndoo ilikuwa ya bati. Alirushwa nyuma, ndoo ikapinduka, maji yakamwunguza mama mguuni. Alhamdulillahi, wote wawili wamepona. Lakini umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, na nguvu hiyo yatosha kuua mtu.

Tulipofika kumwangalia, tukiwa tumejaa haya, mama alisema: "Maji ya moto nilikuwa nayo, mwanangu. Nilikuwa nataka uje." Hatukuwa na jibu.

Twakumbuka kisa cha Amr bin al-As, ambaye katika safari ya Dhatu Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Alichelea kuoga asije akaangamia, akatayammamu, akawasalisha wenzake. Alipoeleza sababu yake, Mtume (s.a.w.) alicheka wala hakumlaumu. Basi dini yetu haimtaki mtu ahatarishe nafsi yake kwa ajili ya maji.

Wenye kutumia hita na wayashike haya. Itumbukizwe kwanza, ndipo umeme uwashwe. Na umeme uzimwe, plagi ichomolewe, kabla ya mkono kugusa maji. Ndoo ya bati isitumiwe. Gamba liondolewe kwa siki au maji ya ndimu, hita ikiwa imechomolewa na imepoa. Ikionekana ufa, itupwe. Aliyenaswa na umeme asishikwe kabla umeme haujazimwa. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno.

Hita ile tumeitupa. Sasa twaenda Moa mara nyingi kuliko zamani, na tukilala huko sisi ndio tuamkao kuwasha kuni. Enyi vijana mlio mijini, pelekeni zawadi kwa wazazi wenu, nazo ni njema. Lakini zielezeni vizuri, na nanyi wenyewe nendeni.