Shuka la viraka nililomkatalia mama

Wadau, leo naomba niwape ya moyoni, maana nimekaa nayo muda mrefu.

Miaka 12 iliyopita, miezi michache kabla ya harusi yangu, mama alinionesha shuka alilokuwa analishona. Ni vipande vya vitenge na kanga alivyokuwa anaomba kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu Tanga, anaviunganisha kwa mkono kimoja kimoja, kila jioni akishamaliza kupika. "Hili ni lako na mwenzio," akaniambia. Mimi nikacheka. Nikamjibu, "Mama, viraka tena? Si nitanunua duveti!" Hakusema kitu. Akalikunja. Sikuliona tena.

Mwaka huu tukamhamishia kwangu Dar kwa sababu ya macho. Wakati napanga vitu vyake nikalikuta kwenye sanduku, chini kabisa. Sindano bado imechomekwa, imeshika kutu mpaka imeacha doa. Lilikuwa upande wa juu tu, halina kitambaa cha kati wala cha chini. Kumbe siku ile alipolikunja ndiyo aliacha. Jamani, nilikaa chini.

Nikaamua kulimalizia kimya kimya. Nikalifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikalitandaza kivulini juu ya mkeka. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa, uzito wake unafumua mishono ya zamani, na ule uzi wenyewe ulikuwa umeshachoka, ukiuvuta kidogo tu unakatika.

Sasa shida ikawa halijanyooka. Mistari inapanda na kushuka, upande mmoja umezidi mwingine karibu kiganja kizima. Mimi kwa ujuaji wangu nikafumua safu mbili, nikazipima kwa rula, nikazishona upya. Nikajiona fundi! Safu ya tatu ikagoma. Ukinyoosha hapa, pale panatuna. Nilipoangalia vizuri ndiyo nikaelewa: kanga iliyofuliwa sana inanyumbuka, kitenge kipya hakinyumbuki, na mama alikuwa analegeza hapa na kubana pale ili vikae pamoja. Kule kupinda nilikokuona kosa kulikuwa na kazi yake.

Rula nikaiweka pembeni. Katikati nikaweka blanketi jembamba la zamani, chini marekani, nikapiga bandi kushika vyote vitatu visiteleze, kisha nikashona kwa mkono kutoka katikati kwenda nje. Ukingoni nikazungushia kitenge changu nilichovaa siku ya kuagwa. Kazi ya miezi minne, usiku, watoto wakishalala. Lile doa la kutu lilikataa kutoka, nikaliacha.

Juzi nikamwekea mapajani, nikanyamaza. Haoni vizuri, lakini vidole vikaanza kutembea. Vilipofika kwenye zile safu mbili vikasimama.

"Hapa siyo mimi."

"Ni mimi, mama."

"Mbona umepanyoosha? Patatuna ukilifua."

Nikajikaza, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa ile siku." Akaniuliza, "Siku gani?" huku bado anapapasa ule ukingo. Mpaka leo sijui kama amesahau kweli au aliamua zamani kusahau. Mume wangu anasema nisiulize tena, na mimi naona yuko sahihi.

Kitu alichosema baada ya hapo ni hiki: "Kesho lete mkasi. Tufumue hizo safu mbili, nikuelekeze."

Basi wapendwa, ndiyo tuko hapo. Mimi nashika sindano, yeye anashika kitambaa na kunigombeza. Naomba Mungu zisiishe haraka.

Na wewe unayesoma, kama kuna kitu mama yako alikupa ukakicheka, kipo wapi sasa hivi? Tuambiane hapo chini.