Saa za Injini na Siku za Bamvu

Wapitao katika vichochoro vya Mowlem, mtaa ulio baina ya Umoja na Kayole, ambao ng'ambo ya mto wake ni Dandora, hawatazamii kwamba katika upande huu wa Nairobi, mbali na bahari kwa kilomita 480 hivi za barabara ya Mombasa, anakaa mtu ambaye sehemu kubwa ya umri wake ameitumia katika kutengeneza injini za dizeli za mashua za Lamu. Na kwa kuwa majirani, na hata mafundi wenzangu wa matatu, wameniuliza mara nyingi kazi hiyo ilinifikaje huku bara na ina faida gani, nimeona vema niieleze kama nilivyoifanya, hususan gharama yake na wakati wake, maana katika mambo hayo mawili wenye vyombo na mafundi hutetana kuliko katika jambo jingine lolote.

Nilizaliwa Lamu, katika zama ambazo tanga lilikuwa bado ndilo riziki ya kisiwa, ingawa mlio wa injini ya silinda moja ulikuwa umekwisha kuzoeleka katika mkondo baina ya Lamu na Mokowe. Uanagenzi wangu niliufanya Mombasa, katika karakana iliyokuwa ikihudumia boti za uvuvi na matishari, na huko nilifundishwa kufungua, kusafisha na kufunga. Lakini kila nozeli ilipochakaa na kila pampu ya dizeli ilipopungua nguvu, tuliifunga katika kitambaa safi tukaipeleka Nairobi, kwa sababu malori na matatu yalikuwa yamewavuta mafundi wa dizeli na mashine zao za kupimia kwenda huko. Katika miaka ya themanini nilikata shauri kuifuata nozeli nilikokuwa nikiipeleka. Nikapata chumba Mowlem, na pahala pa kufanyia kazi katika mabanda ya Kariobangi Light Industries, mahali ninapoweza kufika kwa miguu. Na Kirinyaga Road, ambayo wazee waliendelea kuiita Grogan, ikawa ndiyo soko langu la ringi, gasketi na beringi. Injini ya namna ile ile inayosaga mahindi Tala huku bara ndiyo aghalabu inayosukuma mashua Faza huko Lamu, na fundi aliyeijua moja hakuwa mgeni wa ya pili ila katika jambo la chumvi.

Injini ya dizeli haina cheche ya umeme. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepewa hataza yake mwaka 1893, na ambaye mwaka 1913 alitoweka melini akivuka bahari kwenda Uingereza, alijenga shani yake yote juu ya jambo moja, nalo ni kwamba hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Basi katika injini ndogo za leo hewa hubanwa ikabaki kiasi cha sehemu moja katika 18 hivi ya ujazo wake wa kwanza, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani yake kwa kani ambayo katika injini nyingi ni karibu na baa 200. Sindano iliyomo ndani ya nozeli na mwili wake zimesagwa pamoja, na nafasi iliyo baina yao ni ya mikroni chache, hata jasho la kidole latosha kuitia kutu. Ninapoifunga katika pampu ya mkono ya kujaribia, natazama mambo mawili: sindano ifunguke kwa kani iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na mafuta yatoke kama ukungu mwembamba unaokatika ghafla, bila tone kubaki mdomoni. Nozeli inayodondoka humwaga mafuta yasiyoungua, moshi ukawa mweusi, ringi zikashika masizi, na oili ikachanganyika na dizeli. Na mwanagenzi wangu wa kwanza nilimkataza kabla ya jambo jingine lolote asiweke mkono mbele ya ukungu huo, kwa kuwa kani ile hupenya ngozi ikaingiza mafuta mwilini, na jeraha lake dogo huweza kumfanya mtu akatwe kidole.

Wakati wa kutengeneza haupimwi kwa miezi, bali kwa saa ambazo injini imefanya kazi. Watengenezaji wengi wa injini ndogo za baharini husema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50, na tangu hapo kila saa 100 au 150, au 250 kwa baadhi yao, kadiri ya kitabu; lakini mashua nyingi za kwetu hazina saa ya kuhesabia, wala nahodha hana sababu ya kuandika daftari alfajiri akiwa katika mawimbi ya kusi. Kwa hiyo tulijifunza kuhesabu kwa madumu. Injini ya nguvu za farasi 10 ikienda mwendo wake wa kawaida hunywa lita 2 hivi kwa saa, na dumu la lita 20 huwa ni saa 10 takriban. Basi mwenye chombo akipiga mstari mmoja wa makaa ubaoni kwa kila dumu, mistari 10 ikitimia ajue kuwa oili imekwisha kazi yake. Wapo manahodha waliofanya hivyo kwa miaka mingi, na injini zao nilizifungua nikakuta silinda nyororo, hali wenzao waliongoja mpaka moshi uwaonye, nao wakanunua pistoni.

Chumvi ndiyo tafauti kubwa ya injini ya mashua na ya kinu. Maji ya bahari, ambayo katika kila lita yake mna gramu 35 hivi za chumvi, huzungushwa ndani ya chuma ili kukipoza, na yakipata joto kali mno huacha chumvi yake njiani, mifereji ikaziba kidogo kidogo. Ndiyo maana injini zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja huendeshwa zikiwa baridi zaidi kuliko zenye maji matamu ndani. Kipande cha zinki huwekwa makusudi kiliwe badala ya chuma, na mwenye chombo asiyekibadilisha hulipa chuma chenyewe. Nayo impela ya mpira, inayovuta maji hayo, ikizunguka bila maji kwa muda mfupi tu hukatika mabawa yake.

Sasa nije katika ujira, kwa kuwa hapa ndipo pana ugomvi. Kubadili impela ambayo pampu yake inaelekea kwa fundi ni kazi isiyozidi nusu saa. Lakini pampu hiyo hiyo ikiwa imeelekezwa ubaoni, na fundi akawa amelala juu ya ngama yenye maji na mafuta, huku bolti zimeshikwa na kutu hata moja ikikatika kichwa sharti itobolewe, kazi ile yaweza kula mchana mzima. Mwenye chombo huona kipande cha mpira kinachotoshea kiganjani, akakasirika kwa nini kimemgharimu ujira wa siku. Mimi naamini, na nimelisema jambo hili waziwazi mbele ya maseremala wa vyombo, kwamba nusu ya gharama ya matengenezo huamuliwa siku ile injini inapowekwa juu ya misingi yake, kabla haijawashwa hata mara moja, na seremala anayemwachia fundi nafasi ya mkono na spana humwekea mwenye chombo akiba ya miaka ishirini.

Walakini ujira wa fundi si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa huletwa na mwezi. Katika pwani yetu chombo kinachohitaji kazi ya chini, yaani kusuguliwa, kutiwa kalafati, kutazamwa rafadha na shafti yake, hupwelezwa wakati wa bamvu, maji yanapokuwa makuu, ili kiachwe juu pakavu. Na baada ya siku chache maji hupungua, yakawa maji mafu, yasiweze kukifikia tena mpaka bamvu la pili, ambalo huja baada ya wiki mbili hivi. Maadamu shafti imechomolewa na tundu lake liko wazi, chombo hakiwezi kushushwa. Basi bushi ya shafti iliyopelekwa Nairobi kukerezwa, ikichelewa siku moja tu, huwafanya nahodha, mabaharia wake na nyumba zao wakae bila kipato kwa nusu ya mwezi, na hesabu ya siku hizo haiandikwi katika karatasi ya fundi yeyote, ijapokuwa ndiyo iliyo nzito kuliko oili, filta, nozeli na ujira vikijumlishwa pamoja.

Nililitambua hilo vema katika mwaka 1993, shilingi ilipoporomoka mbele ya dola, bei za spea zikapanda baina ya asubuhi na jioni, na wenye maduka wakawa hawataki kuuza mpaka wajue kesho itakuwaje; nikaona manahodha wakiacha vyombo vyao juu ya mchanga, wakapitwa na bamvu baada ya bamvu, wakingoja bei ishuke, wala haikushuka. Likaja jambo jingine baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wakati magari ya kwenda Lamu yalipokuwa yakisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, na kifurushi nilichokuwa nikikipakia basi kwa moyo mkunjufu kikawa hakina ahadi ya siku ya kufika.

Katika majira hayo alinijia nahodha mmoja wa Matondoni huko Lamu, mtu mzima niliyemwita ami kwa heshima ya umri wake, akaketi juu ya boksi la pistoni akaniambia: "Mwanangu, mimi sitaki unipunguzie bei. Nipunguzie siku." Nikamwuliza nozeli zake ni za namna gani na shafti yake ina unene gani. Akanijibu kwa kichwa, bila daftari, vipimo vyote viwili.

Tangu siku ile nilibadili mtindo wa kazi. Zamani ilikuwa desturi kwamba nozeli mbovu itangulie kuja Nairobi, ipimwe, isagwe, ndipo irudi, safari mbili kwa haja moja. Sasa ninaweka rafuni nozeli zilizokwisha kujaribiwa za namna zitumiwazo zaidi Lamu, Faza na Kizingitini, kila moja imetiwa mafuta na kufungwa karatasi yenye kani yake ya kufungukia, na pembeni mna bushi zilizokerezwa tayari kwa vipimo vitatu vya shafti. Nahodha hupiga simu kabla hajapweleza, nami hupakia kitu kizima kwanza. Kibovu chake hunijia baadaye kwa nafasi, nikakitengeneza kikachukua pahala pa kile kilichoondoka. Fedha yangu hulala rafuni kwa njia hiyo, na wenzangu wa Kariobangi wamenionya mara nyingi kwamba rasilmali iliyolala haizai. Nawajibu kuwa wao wateja wao ni matatu, ambazo zaweza kusukumwa kando ya barabara saa yoyote na kuondolewa saa yoyote, na kwa hiyo hawana haja ya kubandika ukutani, kama nilivyobandika mimi juu ya meza ya kazi, jedwali la maji ya bandari ya Kilindini.