Vijana Waliotaka Timu Kubwa

Leo nataka kuwaeleza kosa langu moja. Siku nilipolitenda nililiona dogo, lakini sasa silioni dogo tena.

Mwaka 2021, Dominika moja baada ya Misa, vijana wa kwetu Burungu walinifuata nje ya kanisa. Mmoja alishika karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, yenye majina arobaini na matatu. Walikuwa wameandika barua kwa wakubwa wa mpira, kuomba Masisi ipate timu yake na uwanja wa kufaa, ili siku moja ipande mpaka Linafoot, daraja la kwanza la Kongo yetu.

“Baba Mwalimu,” alisema, “watu wa Goma wana Virunga na Dauphin Noir. Sisi tunasikiliza kwa redio tu. Utie sahihi yako juu, barua ipate heshima.”

Nikacheka. Nikawajibu, “Wanangu, mpira wenyewe mnaouchezea ni majani ya migomba na kamba. Mtashindana na Mazembe kwa huo? Nendeni mkalime.” Wakaikunja karatasi, wakaenda zao kimya.

Mwezi wa Januari 2023 vita vikafika Kitshanga, nasi tukakimbia. Tulilala chini ya mahema karibu na Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Jioni moja nikaona vijana wanacheza mpira wa matambara juu ya mawe yale, miguu mitupu. Wawili niliwafahamu: mmoja Muhunde, mwingine Muhutu. Baba zao walikuwa hawasalimiani tena, lakini watoto walikuwa wanapeana pasi.

Mmoja alikuwa bado na ile karatasi. Akaifungua, akanionyesha majina manne kwa kidole. “Hawa wameingia msituni,” akasema. “Wenye bunduki hawakuwacheka, Baba Mwalimu. Waliwapokea siku ile ile.”

Sikuwa na la kujibu. Ndipo nikaisoma karatasi vizuri kwa mara ya kwanza. Majina ya Kihunde na ya Kinyarwanda yalifuatana bila mpango, kama walivyosimama siku ile kuandika. Sisi wazee tulikuwa tumekaa mikutano mingi ya amani, wala hatukuwahi kupata karatasi kama hiyo.

Baadaye padri mmoja alinisimulia jambo lililonitia haya zaidi. Mazembe niliyowatishia vijana wangu ilianza mwaka 1939 katika mji unaoitwa leo Lubumbashi. Waliianzisha mapadri Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao, wakaiita Saint-Georges. Kumbe ilikuwa timu ya misioni! Ikabadili majina, ikapita mikono mingi, ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, tena 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilifika fainali ya vilabu vya dunia huko Abu Dhabi, ikafungwa na Inter ya Milano. Timu ya Afrika haijawahi kufika hapo kabla yake. Huko Kinshasa nako, uwanja mmoja mkubwa unaitwa Tata Raphaël, kwa jina la mmisionari wa Scheut aliyewakusanya vijana wa mji ule katika michezo.

Sisemi kwamba kesho Burungu itakuwa na timu ya Linafoot. Timu ya namna ile inataka fedha, daktari, kiwanja, na ndege pia, maana hakuna barabara njema ya kututoa Kivu mpaka Kinshasa. Tusiwadanganye vijana. Lakini kumwambia kijana kazi ni ndefu ni neno moja, na kumcheka ni neno lingine. Angeambiwa kazi ni ndefu, labda angeanza. Alipochekwa, alitafuta mahali pengine pa kuitwa mwanamume.

Mwaka 2025 kambi za Goma zilipovunjwa, wengi wetu tulirudi milimani. Yule kijana akaja kwangu na karatasi yake, imechanika penye mikunjo. Nikatia sahihi juu, nikachelewa miaka minne. Barua hatukujua tena tuipeleke kwa nani. Basi tukaisoma mbele ya shirika letu, na akina mama wakawa wa kwanza kutoa: huyu maharagwe, huyu jibini. Tukauza, tukanunua mpira mmoja wa ngozi.

Siku hizi kila Dominika jioni wanacheza katika malisho ya ng’ombe, na hakuna timu ya kabila. Majina manne hayajarudi. Tunawaombea, na nafasi zao uwanjani tunawawekea.

Wazazi wenzangu, kijana akikuletea karatasi, isome kwanza.