Mirathi Kwetu Banalia: Kati ya Kurani, Kode ya Familia na Mila

Watu wakisikia maneno "Sharia na haki za binadamu", mawazo yao yanakimbia mbali: Riyadh, Teheran, Geneva. Sisi tunaofundisha uraia hapa Banalia tunalikuta jambo hilo karibu kabisa, kwenye matanga. Baba amekufa, arobaini imepita, jamaa wamekaa kugawa parseli, baiskeli, mashine ya kushona na shamba. Hapo sheria tatu zinakutana: mila, Kurani, na Kode ya Familia ya Leta.

Uislamu si mgeni kwetu. Ulikuja na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1888 Meja Barttelot aliuawa kwa risasi hapa hapa Banalia, kando ya Aruwimi, katika kambi iliyojaa Wamanyema. Leo nyumba moja inaweza kuwa na Mwislamu, Mkatoliki na Mkimbangu, na wote wanamlilia maiti mmoja.

Ndugu msomaji, tuchukue hesabu tunayoandika ubaoni. Marehemu ameacha mjane mmoja, mtoto mwanaume mmoja na mabinti wawili. Wazazi wake wamekwisha kufa, lakini ndugu zake wako. Madeni yamelipwa, mali iliyobaki tuigawe mafungu 32. Kwa Sura ya Nne ya Kurani, mjane anapata thumuni, yaani mafungu 4; mwana mafungu 14; kila binti mafungu 7. Ndugu za marehemu hawapati kitu, kwa sababu mwana yuko.

Sasa Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Watoto wanapata robo tatu, sawa kwa sawa: kila mmoja mafungu 8. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane na ndugu za marehemu: mjane mafungu 4, ndugu mafungu 4. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba na kutumia vyombo vyake.

Wanafunzi wetu wanashangaa kila mara. Mjane ana mafungu 4 huku na 4 kule! Binti anapungukiwa fungu moja tu. Kwa nini basi kelele zote? Kwa sababu haki si kuhesabu mafungu tu. Kwa Sharia binti anapata nusu ya kaka yake. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1986, haukubali hivyo, na Katiba ya 2006 vilevile inakataza ubaguzi huo.

Masheikh wanajibu kwamba kaka anapokea mara mbili kwa sababu ana mzigo wa kuwatunza wanawake wa nyumba. Jibu hilo lina uzito wake, na hatulidharau. Lakini tuangalie soko letu: nani anauza mpunga na mafuta ya mawese ili wadogo walipiwe shule? Mara nyingi ni dada. Mzigo ukihama, mtu ana haki ya kuuliza kama fungu nalo lisihame. Huko Tunisia swali hilo lilifika mpaka bungeni mwaka 2018, Rais Essebsi alipopendekeza usawa katika mirathi. Alikufa mwaka 2019, na sheria haikupita.

Tusidhani pia kwamba Leta inamlinda mwanamke kila mahali kuliko dini. Ndoa ya msikitini peke yake haitoshi mbele ya tribinali. Mke wa pili, ambaye kwa Sharia angegawana thumuni na mwenzake, kwa Kode si mjane kabisa, ingawa watoto wake, kama baba aliwatambua kisheria, wanarithi sawa na wengine.

Lakini matanga tuliyoyaona sisi hayakuharibiwa na Kurani wala na Kode. Yaliharibiwa na wajomba na baba wadogo waliosema: "Hii mali ni ya jamaa yetu, mwanamuke arudi kwao." Wengine wanataka hata mjane mwenyewe arithiwe, apende asipende. Sura hiyo hiyo ya Nne inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Kode nayo inadai kila anayeoa na kuolewa akubali mwenyewe. Hapo imamu na hakimu wanasema neno moja, na aliyebeba mashine ya kushona hana wa kumtetea.

Ndiyo maana tunapendekeza mambo matatu. Kila ndoa, ya msikitini au ya mila, iandikishwe kwenye ofisi ya Leta. Baba anayetaka mabinti wake wapate sawa na kaka zao awape hiba angali hai, kwa karatasi na mashahidi, Sharia haimzuii. Na siku ya kugawa mali, imamu na mtu anayejua Kode waitwe wote wawili kabla kitu chochote hakijatoka nyumbani, na mjane aketi pamoja nao, si jikoni.