Muhimbili na Mlimani Zilipokutana Bukoba

Kutoka Muhimbili hadi Mlimani si safari. Unapanda daladala asubuhi na chai unakunywa huko, na miaka ninayoisimulia zote mbili zilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Hata hivyo, madaktari wa Muhimbili na wanasosholojia wa Mlimani niliwaona wakizoeana huku kwetu Kagera, ng'ambo ya ziwa, baada ya kulala melini usiku kucha kutoka Mwanza. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, kazi yangu kutoa damu na kutafsiri Kihaya.

Kilichowaleta kila mtu anakijua. Vita na Uganda ilikwisha mwaka 1979, magendo ya mpakani Mutukula yakashamiri, na mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini wakaripotiwa mkoani kwetu. Mwanzoni watu walikuwa wakisema "Juliana", jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Tulizika bila kusema tunazika nini.

Mwaka 1987 Dk. Japhet Killewo wa Muhimbili na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima watu wazima wa miaka 15 hadi 54 katika mkoa. Bukoba mjini walioambukizwa walikuwa asilimia 24.2. Katika kanda tatu za vijijini ilikuwa 10.0, 4.5 na 0.4. Mjini, basi, ni karibu mtu mmoja katika kila wanne. Takwimu hizo zilitikisa nchi, na zilistahili kuitikisa.

Lakini namna takwimu zinavyopatikana ni habari nyingine. Nakumbuka nyumba moja upande wa Kamachumu, wilayani Muleba, katikati ya migomba. Bibi mwenye nyumba alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo ada kwa mgeni yeyote. Daktari tuliyekuwa naye, mtu mwema na mwenye haraka, alishukuru, akasema hatumii, akafungua fomu. Kuanzia hapo kila swali likajibiwa "sijui". Sijui umri, sijui waliolala humu jana, sijui mwanangu alifia wapi. Muuguzi mwenzangu, mzaliwa wa Nshamba, akapokea kikapu, akatia buni mdomoni, akamsogezea daktari. "Daktari, tafuna kwanza."

Alitafuna. Bibi akamtazama mpaka akameza, ndipo akauliza: "Waitu, damu ya mjukuu wangu mnaipeleka wapi? Na mkishajua, mtarudi kuniambia nini?"

La kwanza daktari alilijibu vizuri. La pili halikuwamo katika fomu yoyote. Usiku ule, pale tulipofikia, lilizunguka mezani: daktari, fundi wa maabara, wauguzi, hata dereva. Dawa hazikuwepo. Zile za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004, miaka 17 baadaye. Naamini kukosekana kwa dawa ndiko kulikowaweka wote kwenye benchi moja. Daktari hakuwa na cha kuandika kwenye cheti, na kilichobaki kilikuwa maneno, na katika maneno muuguzi hakuwa mdogo wa mtu.

Miaka ya 1990 wakaja wengine. Kutoka sosholojia walikuwepo Joe Lugalla na Christopher Comoro, kutoka Umeå Maria Emmelin na Lars Dahlgren. Gideon Kwesigabo wa Muhimbili aliendelea na upimaji. Akawepo pia Aldin Mutembei, mtaalamu wa fasihi, na hilo liliwashangaza wengi: mtu wa mashairi anatafuta nini kwenye ugonjwa? Alitafuta kile ambacho Wahaya walikuwa wakikiimba tangu mwanzo wa janga, wakati ofisini bado watu wanaogopa kukitaja. Mwaka 2001 alipata udaktari wake Leiden kwa kazi hiyo.

Si kwamba walipatana upesi. Nilisikia mtu wa takwimu akimwuliza mwanasosholojia, "Mazungumzo na watu watatu yanathibitisha nini?" Naye akajibiwa, "Na hao wako maelfu, wamekwambia kwa nini?" Walinyamaza. Aliyewakwamua alikuwa muuguzi. Katika fomu kulikuwa na mwanamke aliyeandikwa mjane, na kwa hesabu ya daktari alionekana yuko pembeni ya hatari. Muuguzi akasema, bila kupaza sauti, kwamba mama yule alikwisharithiwa na shemeji yake, na shemeji ana wake wengine. Mwanasosholojia akatoa daftari. Daktari akalifuta swali lake na kuliandika upya. Ndivyo fani zilivyounganika mbele ya macho yangu, juu ya jina la mtu mmoja, na hakuna semina iliyonifundisha zaidi ya dakika zile.

Matunda yalionekana. Upimaji ulionyesha Bukoba mjini ikishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Hesabu ilisema maambukizi yamepungua, ila isingeweza peke yake kueleza familia zilianzaje kuongea, mila gani zililegea, na hofu ilifanya kazi gani. Mwaka 1999 ilitoka makala juu ya mazingira ya kijamii na kiutamaduni ya maambukizi Kagera, yenye majina ya madaktari, wanasosholojia na mtu wa fasihi pamoja.

Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na vyuo vya afya nchini vimeongezeka. Mimi nimestaafu, lakini ombi langu kwa walimu wa udaktari, uuguzi, famasia, maabara na sayansi za jamii ni moja. Msingoje janga jingine liwakutanishe. Wapelekeni wanafunzi wa fani zote kijiji kimoja, walale nyumba moja, na fomu waitunge pamoja kabla haijachapwa. Na yule muuguzi anayeijua lugha ya pale mpeni nafasi ya kusema mwanzoni mwa kikao.